Pamba Upande Mmoja Tu

Mtaa umekuchagua. Ulichelewa kikao cha kamati, na Lamu anayechelewa kikao ndiye anayeondoka na kazi: mwaka huu mashua ya mapambo, ile itakayopita mbele ya mji siku ya tamasha na bendera zake na ngoma zake, ni yako. Usitorokee Malindi. Mimi nimepamba mashua nne katika umri wangu. Moja ilishinda, moja ilizama, na mbili hakuna anayezikumbuka. Katika kazi hii, kutokumbukwa ni nafasi ya pili. Kaa hapa barazani nikupe siri moja baada ya nyingine. Kahawa utalipa wewe.

Kwanza ujue kwa nini ni mashua. Kule Rio de Janeiro hupamba magari makubwa kama maghala na kuyapitisha mbele ya majukwaa hadi alfajiri. Sisi magari yetu ni ya kuhesabu kwa vidole, na vichochoro vyetu vilipimwa kwa punda mwenye shogi, tena punda mwembamba. Jirani yangu mmoja alikaidi. Alijenga Ngome ya Lamu kwa mbao na makaratasi juu ya mkokoteni, akaipitisha njia kuu, Usita wa Mui. Ilipofika kwenye wikio la kwanza, kile chumba kinachoruka njia kutoka nyumba hii hadi ile ya pili, ikajikaza kama kizibo ndani ya chupa. Watu wa alasiri walikwenda msikitini kwa kuzunguka. Ngome yenyewe, ile ya mawe pale Mkunguni, ilijengwa tangu 1813 hadi 1821. Ya jirani yangu ilibomolewa kabla chai haijapoa, na vijana wa mtaa wa pili ndio waliojitolea kubomoa, kwa moyo mkunjufu kabisa.

Na punda? Usithubutu. Punda wa Lamu ana hospitali yake tangu 1987, na kuna mashindano ya kumtafuta punda aliyetunzwa kuliko wenzake. Ana daktari, ana watetezi, ana hata tuzo. Wewe huna chochote katika hivyo. Mfunge mkia wa tausi uone nani atakayeitwa mbele ya wazee, wewe au yeye.

Kwa hiyo ni bahari, na bahari ina neema moja ambayo nchi kavu haina. Simama pwani utazame. Mji wote umejipanga mstari mmoja, uso mashariki, na ng'ambo ya maji ni kisiwa cha Manda. Chombo kikitoka mtaa wa Langoni kuelekea Mkomani, kaskazini, waamuzi, mahasimu, wapiga picha na wakwe zako wote wako upande wa kushoto. Upande wa kulia unatazamwa na mikoko. Mikoko haitoi alama.

Umeelewa? Basi nusu ya kazi imekwisha, na nusu hiyo ndiyo hatutaifanya.

1. Chagua kitu kisicho na shahidi

Kosa la mgeni katika fani hii ni kuiga kitu ambacho watu wanakijua. Ukijenga jahazi la mfano, kila mzee aliye pwani amewahi kulala ndani ya jahazi. Atakuambia foromali ni fupi, tezi imenyanyuka, na hilo tanga umelikata kama shuka. Ukijenga mlango wa nakshi, yuko mchongaji atakayekuhesabia maua.

Jenga mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha Wabajuni, kilichoshonwa kwa kamba za kumbi la mnazi bila msumari hata mmoja, kikaenda kwa tanga la mkeka. Omo yake ilisimama kama shingo, na wazee husema ilikuwa shingo ya ngamia wa Mtume. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika bahari hizi mwanzoni mwa karne iliyopita. Maana yake ni nini kwako? Kwamba hakuna aliye hai aliyepanda mtepe. Mtu akisema, "Mtepe haukuwa hivi," muulize kwa upole, "Wewe ulipanda upi?" Kisha mpe nafasi ya kufikiri.

Mtu mmoja tu atakusumbua, naye ni mwalimu mstaafu. Kila mtaa unaye. Huyu amesoma, na ameuona mfano wa mtepe ukiwa ndani ya kioo. Mtie kwenye kamati. Mpe cheo cha Mshauri wa Historia na fulana yenye jina lake. Mtu akishapewa fulana, makosa yako yanakuwa yake.

2. Usichague kaulimbiu mapema

Kamati itataka kaulimbiu siku ya kwanza. Kataa. Kaulimbiu huchaguliwa usiku wa mwisho, baada ya kuona kilichotokea. Ikiwa chombo kimetoka kizuri, kaulimbiu ni fahari ya utamaduni wetu. Ikiwa kimetoka kibovu, kaulimbiu ni utamaduni wetu unapotea, na kila kilichoanguka kinakuwa ushahidi. Ikiwa kimejaa taka, ni mazingira. Mwaka ule ambao mlingoti wetu ulivunjika asubuhi, tuliandika haraka juu ya kitambaa, kwa herufi kubwa, kwamba wavuvi wetu wanahitaji msaada. Mama mmoja alilia. Tulipata nafasi ya pili.

3. Fedha

Hapa nitasema kwa kifupi maana mambo ya fedha yana masikio. Utapata wahisani wa aina mbili. Wa kwanza ni mgeni mwenye nyumba Shela, anayetaka kila kitu kiwe cha asili. Huyo muoneshe makuti, kamba za kumbi na mikeka ya Kipungani, na usimruhusu kuona upande wa nyuma wa turubali. Wa pili ni mheshimiwa, wa sasa au mtarajiwa. Yeye haulizi kama ni asili. Anauliza picha yake itakuwa na upana gani.

Usiwakutanishe. Picha ya mheshimiwa itundike upande wa kulia. Kwanza ipo kweli, hujamdanganya. Pili, inaziba mbao ambazo hazina kitu. Mpigie picha akiwa karibu nayo siku moja kabla, awatumie watu wake. Siku yenyewe atakuwa amekaa hemani na waamuzi, upande wa kushoto, na atadhani picha yake ipo upande ule mwingine ikipigiwa makofi na Manda.

4. Azima mashua ya mtu anayekudai

Watu wengi huazima mashua ya rafiki. Kosa. Rafiki atataka irudi kama ilivyokuwa. Azima ya mtu unayedaiwa naye fedha. Yeye ana sababu ya kutaka ushinde, maana zawadi ikija atakuwa wa kwanza mlangoni, na ana sababu ya kutotaka uzame.

Ukiipata, jambo la kwanza kabla ya pambo lolote ni macho. Vyombo vyetu vina macho omoni, duara mbili za mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, moja kila upande, mara nyingi zenye mwezi na nyota. Paka upya la kushoto kwa rangi nyeupe ya kung'aa. La kulia liache. Najua utaona haya kidogo hapo, kwa sababu mimi mwenyewe niliona: chombo kinakutazama kwa jicho moja zima na jingine lenye mtoto wa jicho. Vumilia. Rangi ni ghali.

5. Kupamba kwenyewe

Usipambe mashua ikiwa inaelea. Ingoje bamvua, maji yanapokupwa mbali, uiache ikae juu ya mchanga. Mashua ikikosa maji hulala ubavu. Ilalie ubavu wa kulia, na ubavu wa kushoto utakuwa umekaa kama meza, juani, kwa saa tano au sita. Hapo ndipo utakapofanya kazi yako yote. Maji yakirudi, mashua itainuka na kazi itakuwa imekoma, na wewe utakuwa na jawabu la maisha yako yote. Mtu akikuuliza kwa nini upande wa pili hauna kitu, mwambie: maji yalituwahi.

Jifunze hilo jawabu. Liseme kwa huzuni. Pwani hii nzima hakuna mtu ambaye maji hayajapata kumwahi.

Sasa vifaa. Leso ni rafiki yako mkubwa kuliko rangi. Leso zina mapambo tayari, zina maneno tayari, na wanawake wa nyumbani wanazo masandukuni zaidi ya wanavyokubali. Azima jozi kumi, zifunge kwa kamba tangu omo hadi tezi, na hapo una mita nyingi za rangi bila kuchovya brashi. Ila soma majina kabla ya kuzitundika. Mwaka mmoja tulitundika leso moja kubwa nyekundu bila kuisoma, na jina lake lilikuwa fumbo kali la mke mwenza kwa mke mwenzake. Tulipopita pwani, nusu ya wanawake wa mji walifikiri wanatukanwa, na nusu ya pili walijua ni nani anayetukanwa. Makofi yalikuwa mengi sana, lakini nyumba mbili hazikusemezana hadi Ramadhani.

Asmini usitumie. Najua, mashua iliyopambwa kwa makoja ya asmini na vikuba ni kitu cha kumliza mtu. Asmini huchumwa jioni na hufa adhuhuri. Waamuzi wenyewe huja saa nane. Weka vikuba viwili tu, karibu na pua ya mwamuzi mkuu, na vilivyobaki vikatwe kwa karatasi nyeupe. Kwa umbali wa mita thelathini, karatasi haina tofauti na asmini ila kwa harufu, na harufu utaifanyia kazi kwa chetezo cha udi kilichokaa upande wa upepo.

Nakshi za kuchonga ndizo zinazowatisha wengi. Mti mgumu unataka patasi, na patasi inataka miaka. Wewe tafuta lile povu gumu jeupe jepesi linalokuja limelizunguka friji ndani ya boksi lake. Linakatika kwa kisu cha jikoni kilichopashwa moto. Kata maua, kata mnyororo, chora duara kwa sahani, kisha paka rangi ya chai ya rangi. Ukisimama mbali utaapa umeuona mlango wa nyumba ya mawe. Usisimame karibu, na usiruhusu watoto wausogelee, maana hubomoka vipande vipande kama theluji, na theluji hiyo hukaa baharini hadi kiyama.

Ah, hapo nimekukamata ukinikunjia uso. Umesikia habari za FlipFlopi. Basi tusimame kidogo, kwa sababu ndio chombo pekee cha mapambo katika visiwa hivi ambacho mimi, mwizi wa zamani wa fani hii, nakivulia kofia. Mafundi walikijenga hapa Lamu kwa plastiki zilizookotwa pwani, kama tani 10, zikayeyushwa na kukatwa kwa misumeno na tezo zile zile za kujengea jahazi. Urefu wake ni mita 9. Ubao wake wote umefunikwa kwa ndara za kila rangi, kama 30,000. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Unguja, karibu kilomita 500. Mashua yako itasafiri mita mia sita.

Unajua kilichoniudhi nilipokiona? Nilizunguka kukitazama upande wa pili, kwa mazoea yangu, nikitafuta mahali walipochoka. Ndara zilikuwepo pande zote mbili, hadi chini kabisa kwenye maji. Nilikaa mchangani nikawaza kuhusu watu wa namna ile, wanafundishwa wapi.

Lakini somo kwako ni lile lile: tangu siku ile, taka yoyote ambayo hukuwahi kuitoa mashuani inaweza kuitwa kampeni. Chupa tatu zilizobaki chini ya viti zitundike kwa uzi. Hazina aibu tena.

6. Bibi arusi na siwa

Waamuzi wana udhaifu wa vitu viwili, na mimi nimewahi kuona alama zikipanda kwa macho.

Cha kwanza ni bibi arusi. Weka mashuani msichana amekaa juu ya kitanda cha samadari, ana hina hadi kwenye viwiko na dhahabu ya bandia, kichwa chini, na watu wote watasahau kwamba mashua ina upande wa kulia. Tatizo ni kwamba hakuna msichana mwenye akili timamu atakayekaa juani saa tano kichwa chini. Katika saa ya pili ataomba maji, katika ya tatu atatoa simu. Kwa hivyo tumia shiraa. Zamani mabibi wa Lamu waliokuwa na hadhi walitembea ndani ya hema la kitambaa, na nje yake watumwa wakilibeba kwa vijiti, ili mwanamke aonekane anapita bila kuonekana mwenyewe. Ni pambo lenye kumbukumbu chungu, na anayelionesha bila kuwataja waliobeba vijiti anapamba upande mmoja kuliko mimi. Lakini kwa shabaha yetu, shiraa ina sifa moja kubwa: hakuna anayejua aliyemo. Kwetu alikuwamo binamu yangu mwenye sharubu, anacheza karata na wenziwe wawili. Walipiga vigelegele kwa niaba yake.

Cha pili ni siwa. Siwa mbili mashuhuri za pwani hii, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ni vitu vya Makumbusho, ndefu na nzito, na zamani hazikupulizwa ila kwa shughuli za watu wakubwa. Hutapewa. Usijaribu hata kuomba. Chukua paipu ya maji ya inchi nne, ipinde kwa moto wa makumbi, paka rangi ya dhahabu. Usiipulize, itatoa sauti ya choo. Mshikishe mtu mnene aliyevaa kanzu na joho, avimbishe mashavu, na spika iliyofichwa chini ya makuti ifanye iliyobaki.

Neno moja kabla hujachangamka mno. Haya yote ni ya tamasha, ya mashindano, ya kutafuta kombe la plastiki. Maulidi ya mfunguo sita ni kitu kingine. Watu wanakuja kutoka mbali hadi Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, wanatembea katika zefe kwa miguu yao na matwari yao, na hawakuhitaji hila ya mtu. Huko acha kisu chako cha jikoni nyumbani.

7. Ushinde nani

Swali hili walioanza jana hawalijui. Wanafikiri wanashindania zawadi. Hakuna aliyewahi kula zawadi ile ikamshibisha. Unashindana na mtaa wa pili, na huo tu.

Mji huu uligawanyika Mkomani na Langoni kabla babu yako hajazaliwa, na kabla ya hapo ulikuwa na makundi ya Zena na Suudi, na kila kizazi kilitafuta kitu cha kushindania: mashairi, ngoma, ng'ombe waliochinjwa. Miaka ya 1890 ngoma za beni zilipoingia pwani hii, na mavazi yake ya kijeshi na tarumbeta zake, watu hawakuuliza muziki huu ni wa nani. Waliuliza wenzetu wamenunua tarumbeta ngapi. Kule Mombasa wanawake wa vyama vya ngoma ya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana kwa gwaride na mavazi hadi waume wakajificha. Hao ndio waalimu wangu. Walijua kwamba kushinda hakutoshi, lazima jirani ajue ameshindwa na nani.

Kwa hiyo tuma mtoto. Watoto huingia popote. Muulize mtaa wa pili wanajenga nini. Wakijenga samaki mkubwa, wewe jenga mvuvi mwenye ndoana. Wakijenga ndege, wewe jenga mtego. Tena tangaza kwamba uliwaza kitu hicho tangu mwaka jana. Kama nao wametuma mtoto kwako, mpe visheti na umuoneshe kitu cha uongo. Mara moja tulifanya hivyo pande zote mbili kwa bidii sana hata siku ya tamasha zikapita mashua mbili zenye nyangumi, na nyangumi hakuwa wazo la yeyote kati yetu.

8. Waamuzi

Watakuwa watatu, chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, na mmoja atakuwa amekuja kwa ajili ya posho tu. Mtambue mapema. Sinia lifike kabla ya mashua: viazi karai, kaimati, halua, birika la kahawa tungu. Hii si rushwa. Rushwa hutolewa kwa bahasha, na bahasha haina pilipili ya ukwaju. Mwamuzi aliyeshiba hutazama mbali, na aliye na njaa hutazama karibu. Wewe kazi yako ni ya mbali.

Mpangie mtu asimame nyuma yao aseme kwa sauti ya wastani, kana kwamba anazungumza na mwenziwe: "Subhanallah, tazama ile mishono." Mishono hiyo ni kamba uliyoibandika kwa gundi jana usiku. Lakini mtu akisikia kitu kimesifiwa nyuma yake hugeuka kukitafuta, na akikitafuta hukiona.

9. Siku yenyewe

Tamasha ni Novemba, na Novemba upepo hauna adabu. Kusi limeondoka, kaskazi haijaamua. Tanga lako la mkeka litaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Usiombe upepo. Ficha mashini nyuma, ifunike kwa makuti, na panga ngoma karibu nayo ili isisikike. Mabaharia wavute makasia ambayo hayagusi maji. Nahodha asimame akitazama mbali, mkono juu ya macho, kama mtu aliyetoka Arabuni alfajiri hii.

Nenda polepole. Mbele ya hema punguza kabisa. Usipunge mkono, kupunga ni kwa wanaopoteza. Pita.

Umepita. Makofi unayasikia. Pumua.

10. Kurudi

Sasa nikueleze jambo ambalo hakuna aliyenieleza mimi. Ukishafika mwisho wa Mkomani, mji bado uko pale pwani, hauendi popote, unangoja kukuona ukirudi. Na ukirudi, utakuwa unaelekea kusini. Na ukielekea kusini, mji uko kulia.

Nilijaribu kurudi kinyumenyume. Mashini iliweza, hilo sikatai. Tulipita mbele ya hema tezi kwanza, nahodha bado mkono juu ya macho, anatazama alikotoka. Mtangazaji, Mungu amlipe mema, alisema kwenye kipaza sauti kwamba hiyo ndiyo mila ya zamani ya kuaga. Lakini mila haifanyi kazi mara mbili.

Mwaka uliofuata nilipata dawa. Usirudi. Endelea kaskazini kama mtu mwenye shughuli, zunguka kisiwa, ingia mkono wa bahari hadi Matondoni, ukae huko mpaka giza. Mji utasema mashua yenu imealikwa kwingine. Tulikwenda kwa fahari, binamu yangu akatoka ndani ya shiraa akavua buibui, tukafunga kamba, tukakaa chini ya mwembe tukisubiri magharibi.

Nilichosahau ni kwamba Matondoni ndiko vinakojengwa vyombo.

Maji yalikuwa yanakupwa. Mashua ikagusa mchanga, ikayumba kidogo, ikawaza, kisha ikalala. Ikalalia ubavu wa kushoto, juu ya leso zote na asmini zote za karatasi, na nikayasikia maua ya povu jeupe yakivunjika moja moja. Ubavu wa kulia ukakaa juu, juani, mbao tupu, jicho lenye ukungu, na mheshimiwa akitabasamu katikati.

Fundi mmoja mzee alikuwa chini ya banda la makuti, tezo mkononi. Aliiweka chini, akaja. Hakuja moja kwa moja. Aliizunguka mashua yote, kama wanavyofanya wao, akapitisha kiganja kwenye ubao kutoka omo hadi tezi, akasimama mbele ya lile jicho.

"Na huku, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na huku?"

Nikamwambia maji yalituwahi.

Akageuka akayatazama maji, yalikuwa yameshafika mbali, karibu na mikoko, na bado yanakwenda. Akaniambia nikae kivulini, chai inakuja.